Tairi la trekta kwenye Land Cruiser: saizi imekubali, herufi zimekataa

SWALI: Fundi, salaam. Naishi Mbagala, nina Land Cruiser pikapu ya injini ya 1HZ inayotumia tairi za 7.50R16. Kila msimu nakwenda Rufiji, Ikwiriri, upande huu wa Daraja la Mkapa, kuchukua mpunga na ufuta wa familia kuleta mjini. Kutoka lami hadi shambani ni kama kilomita sita za udongo mweusi, na masika yakikolea sipiti bila kukwama. Mjomba wangu ana tairi nne mpya za trekta, zote 7.50-16: mbili zina mistari mitatu ya kuzunguka, mbili zina meno ya mshale. Anataka kunipa bure. Fundi pancha wa hapa mtaani ameshajaribu moja ya meno kwenye rimu yangu ya akiba, imeingia bila shida, na anasema ni plai 8, kwa hiyo ni ngumu kuliko zangu. Nikifunga za mistari mbele na za meno nyuma, kama trekta lenyewe, nitaweza kutembea nazo Barabara ya Kilwa mpaka Dar? Au nifunge hizo mbili za nyuma tu? Mbona trekta zinapita lami kila siku?

JIBU: Kaka, kwa safari ya lami jibu ni hapana. Si nne, si mbili za nyuma, wala si hiyo moja ya akiba. Ndani ya shamba, kwa mwendo wa trekta, mambo ni mengine na huko nitafika. Sikulaumu kwa kuuliza, wala simlaumu sana fundi pancha kwa kuliingiza, maana saizi hizi mbili zimewachanganya watu wengi wenye uzoefu. Tairi la mbele la matrekta mengi tuliyonayo nchini, Massey Ferguson kwa mfano, ni 7.50-16. Tairi la Land Cruiser yako ni 7.50R16. Upana inchi saba na nusu, rimu inchi kumi na sita, kote kote. Ukilisukuma kwenye rimu linaingia, ukilijaza upepo linakaa, nati zinabana, madigadi hayaguswi. Kila unachoweza kukipima kwa macho kimekubali.

Wengine wanaoniuliza habari za matairi ya trekta huwa wameona video za Wamarekani waliofunga kwenye pikapu tairi la nyuma la trekta, la 18.4-30 au zaidi, refu kumfikia mtu mzima mabegani. Hao tuwaache. Gari la namna hiyo limekatwa bodi, limebadilishwa difu, limeinuliwa, na aghalabu hufika kwenye uwanja wa matope likiwa limepakiwa juu ya tela. Hakuna mtu atakayeamka Mbagala akafunga lile kwa bahati mbaya. La kwako ndilo la hatari zaidi, kwa sababu la kwako linaingia.

Sasa chukua kitambaa chenye maji, ufute ubavu wa tairi la mjomba mpaka maandishi yote yasomeke. Anza na saizi. Kati ya 7.50 na 16 kuna kistari, na kwenye tairi lako kuna R. Kistari maana yake tairi limefumwa kwa nyuzi zinazokatizana mshazari, tabaka juu ya tabaka. R maana yake radial: nyuzi zimenyooka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na juu yake kuna mkanda unaozunguka chini ya sehemu inayokanyaga. Baada ya namba 16 kwenye tairi la shamba unaweza kukuta SL, na pengine utaona NHS. Zote mbili ni alama za kiwanda kwamba tairi hilo halikutengenezwa kwa kazi ya barabara kuu. La gari dogo la mizigo huwa na LT au C. Mengine yana neno zima limechorwa, FARM au IMPLEMENT, na hapo hakuna cha kubishana.

Endelea kuzungusha kitambaa mpaka ukute tarakimu mbili au tatu zimefuatwa na herufi. Hapo ndipo penye jibu la swali lako lote. Kwenye tairi la mbele la trekta utakuta kitu kama 103A6. Namba ni mzigo: 103 ni kilo 875 kwa tairi moja. Herufi ni mwendo: A6 ni kilomita 30 kwa saa. Familia hiyo ya A huanzia A1, kilomita 5, na kila hatua inaongeza tano mpaka A8, ambayo ni kilomita 40. Baada yake inakuja B ya 50, C ya 60, D ya 65, na kuendelea. Sasa soma tairi lako mwenyewe. Tairi la 7.50R16 la gari la mizigo midogo unaweza kulikuta limeandikwa 116/114N. Hiyo ni kilo 1,250 likiwa moja upande mmoja, kilo 1,180 kila moja yakiwa mawili pamoja upande mmoja, na N ni kilomita 140 kwa saa. Saizi ni ileile, lakini kimoja ni chombo cha kilomita 30 na kingine cha 140.

Tupige hesabu ya mzigo kabla ya mwendo. Tuseme gari likiwa tupu ekseli ya nyuma inabeba kilo 900 hivi. Weka gunia kumi za mpunga za kilo 100, na usiniambie ni za kilo 100 kweli, lumbesa za Rufiji tunazijua. Umefika kilo 1,900 nyuma, yaani 950 kila tairi. Umeshalipita tairi la kilo 875 ukiwa bado hujawasha gari. Na hizo 875 ni za mwendo wa kilomita 30. Viwanda vinavyoruhusu tairi la shamba kukimbia zaidi hupunguza mzigo wake kwanza.

Fundi wako amesema ni plai 8 hivyo ni ngumu. Plai siku hizi ni daraja la nguvu, wala haimaanishi ukilipasua utahesabu tabaka nane. Na ugumu anaousifu ndio unaoniogopesha mimi. Mpira ukikunjwa na kunyooka haurudishi nguvu yote uliyopewa. Inayobaki ndani inageuka joto. Mpira ukiwa mnene, joto hilo halina pa kutokea. Tairi la saizi yako lina kipenyo cha karibu sentimita 80, kwa hiyo mzunguko mmoja ni kama mita mbili na nusu. Kwa kilomita 30 linazunguka mara tatu na kidogo kwa sekunde. Kwa kilomita 80 ni karibu mara tisa kwa sekunde, na kila mzunguko kila kipande cha ubavu kinabonyezwa na kuachiwa. Kwenye tairi la kistari kuna la ziada: zile nyuzi za mshazari zinasuguana kila tairi linapobonyea. Nyuzi za radial hazisuguani kiasi hicho, ndiyo maana inapoa vizuri na ndiyo maana magari ya lami yaliihamia.

Nguvu inayotaka kuyang'oa meno nayo inapanda, tena haiendi sambamba na mwendo, inakwenda kwa mraba wake. Kutoka 30 hadi 80 mwendo umeongezeka chini ya mara tatu, lakini nguvu ya kuvuta jino kwenda nje imeongezeka mara saba. Na jino la mshale ni bonge la mpira zito kuliko kashata yoyote, yaani kipande cha mpira kinachokanyaga, ya tairi la gari.

Watu wanadanganyika hapa kwa sababu joto hili halina haraka. Tairi linahitaji nusu saa na zaidi ya mwendo mfululizo ndipo joto lake litulie mahali pake. Ukijaribu kuzunguka Mbagala Rangi Tatu na kurudi, hutaona kitu. Ukitoka Ikwiriri na mzigo, mpaka Kibiti utanipigia simu kunicheka. Ukishika tairi kwa nje utalikuta vuguvugu tu, maana joto kali liko ndani, mabegani, pale meno yanapoungana na nyuzi. Huko ndiko mpira unakoanza kuachana na kitambaa chake. Dalili ya kwanza ni uvimbe mdogo kwenye bega la tairi, au mtikisiko mpya unaoanza ghafla katika mwendo ambao dakika kumi zilizopita ulikuwa shwari, pengine na harufu ya mpira wa moto. Baada ya hapo hupati pancha ya kushuka taratibu. Linang'oka pande zima la sehemu inayokanyaga, likiwa na kilo kadhaa, linapiga ndani ya madigadi, na likiwa la mbele linaweza kukata paipu ya breki. Piga picha hiyo Mkuranga saa nane mchana, lami inachoma, nyuma yako basi la kusini.

Sasa hili la matrekta kupita lami kila siku. Ni kweli yanapita, na wewe mwenyewe umewahi kupanga foleni nyuma ya mojawapo ukipiga honi. Ulikuwa unapiga honi kwa sababu linakwenda kilomita 25. Hapo tairi liko ndani ya mkataba wake. Ng'ambo yapo matrekta ya kasi, kama JCB Fastrac, yanayokwenda kilomita 60 na zaidi kwa saa, lakini yana springi mbele na nyuma, breki za diski, na matairi yenye herufi za mwendo huo. Ukitaka kuliheshimu tairi la mjomba kwenye lami, kutoka Ikwiriri hadi Mbagala ni zaidi ya kilomita 150, kwa hiyo ni saa tano bila kusimama, taa za hadhari zinawaka, gunia sita badala ya kumi. Sidhani kama ndiyo biashara uliyoiuliza.

Joto likiacha kukutisha, iko breki. Tairi la gari linapokanyaga lami, sehemu kubwa ya alama yake chini ni mpira uliogusa. Mifereji imechukua sehemu ndogo. La meno ya mshale ni kinyume: sehemu kubwa ni hewa, na gari zima limesimama juu ya ncha chache za meno. Meno hayo ni marefu, kwa hiyo ukikanyaga breki yanalala kwanza, ndipo yashike. Mpira wenyewe umechanganywa ili usikatwe na visiki na mabua, haukuchanganywa kwa ajili ya lami yenye maji. Chukua mvua ya kwanza ya vuli, ile inayoamsha vumbi na oili vilivyokaa barabarani miezi mingi, uje nayo kwenye mteremko wa Mzinga na mzigo nyuma, mbele yako daladala imesimama ghafla kupakia. Sina haja ya kuendelea.

Mpangilio wako wa mistari mbele na meno nyuma umeuiga kwa trekta, na kwa trekta una maana. Tairi la mistari mitatu, wenyewe wanaliita F-2, kazi yake ni moja: kukata udongo ili trekta ligeuke linapoelekezwa. Kwenye trekta la kuvuta nyuma, gurudumu la mbele halivuti chochote. Pikapu yako inavuta kwa magurudumu yote manne, na nguvu ya mbele ndiyo inayokutoa shimoni. Ukilipa tairi la F-2 kazi ya kuvuta, mifereji ile inajaa dongo mara moja, na kwa kuwa inazunguka tu bila kona, haina cha kusukumia. Ni kama kushuka kisimani na kandambili zilizolika. Yaani kwa hizo mbili za mistari utakwama zaidi ya unavyokwama sasa, na hilo nadhani mjomba hakukwambia.

Tena usisahau gia yako ya magurudumu manne haina difu ya katikati. Ekseli ya mbele na ya nyuma zimefungwa pamoja na lazima zitembee umbali mmoja. Tairi la F-2 na la meno, hata yakiandikwa saizi moja, mara nyingi hayana mzunguko sawa. Kwenye tope laini utelezi unameza tofauti hiyo. Kwenye ardhi ngumu haina pa kwenda, inakaza mashafti na giaboksi ndogo mpaka gia inagoma kutoka. Kwenye trekta lenye magurudumu manne ya kuvuta, kiwanda kimepiga hesabu ya mbele na nyuma pamoja.

Na kufunga mbili za nyuma tu, ukabakiza radial zako mbele? Huo ndio mpangilio mbaya kuliko yote uliyotaja. Tairi la kistari na la radial hayapindi kona kwa tabia moja. Kanuni ya wauza matairi duniani kote ni kwamba usichanganye kabisa, na ukilazimika, radial zikae nyuma. Wewe utakuwa umegeuza. Mbele itashika, nyuma itachelewa kisha iteleze nje, na pikapu yenye mzigo juu ya ekseli ya nyuma ikianza kuzungusha mkia, stelingi haikusaidii. Kelele, kutikisika kwa tairodi na beringi, nati zinazolegea kwa mtikisiko, hayo nayapita haraka, yanauma mfuko tu.

Kuhusu trafiki sina mengi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu gari bovu barabarani, na askari aliyezoea ukaguzi wa stika za Nenda kwa Usalama anatambua tairi la meno ya mshale akiwa bado ng'ambo ya barabara. Kinachoniumiza kichwa zaidi ni bima. Siku ikitokea ajali, mkaguzi atapiga picha ubavu wa tairi, na picha hiyo itakuwa na NHS au A6 imesomeka vizuri. Hapo kama una bima kubwa umewapa sababu ya kukataa kukulipa, na kama kuna mtu ameumia, itakuwa ngumu kumwambia hakimu kwamba hukujua.

Basi turudi kwenye shida yenyewe, maana hukuniandikia kwa sababu unapenda matairi ya trekta. Shida ni kilomita sita za udongo mweusi. Usiutafutie dawa ya kilomita sita ukaiharibu safari ya 150.

Kwanza, tuelewane kwa nini meno ya mshale yanafanya kazi kwenye trekta. Trekta ni zito, linakwenda polepole, na tairi lake kubwa la nyuma linajazwa upepo kidogo sana, mara nyingi kati ya psi 12 na 24. Tairi linatandaa, ubavu unacheza, na kucheza huko kunayatikisa meno yatupe dongo. Weka meno hayohayo kwenye tairi jembamba la pikapu, lililojazwa psi 45 na fundi asiye na kipimo: halitandai, halitupi dongo, linachimba. Ukikanyaga mafuta unashuka chini mpaka difu ikae juu ya udongo, magurudumu yanazunguka hewani. Utakuwa umekwama vizuri zaidi.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni upepo, na ni ya bure. Ukiiacha lami, shusha matairi yako ya sasa hadi psi 25 hivi na utembee taratibu, chini ya kilomita 30. Tairi litatandaa na alama yake chini itarefuka. Usishuke chini ya 20, kwa sababu rimu zako ni za tyubu na pete, ile ya chuma inayoshikilia ukingo wa tairi: tairi likilegea sana linazunguka juu ya rimu, linaburuta tyubu, na vali inang'oka. Nunua pampu ndogo ya betri na kipimo cha upepo cha kuaminika, na usirudi lami kabla hujajaza. Kutembea lami na psi 25 na mzigo ni kosa lilelile la joto, kwa mlango mwingine.

La pili linanichekesha kila mara kwa kuwa limewakwamisha watu wengi wenye gari kama lako. Shuka, tazama katikati ya magurudumu ya mbele. Kama gari lako lina vile vifungio vya kuzungusha kwa mkono, vimeandikwa FREE na LOCK. Kama viko FREE, unaweza kuingiza gia ya magurudumu manne, taa ikawaka kwenye dashibodi, na mbele isivute hata kidogo. Vigeuze vyote viwili kabla hujaingia topeni, ukiwa bado pakavu, siyo baada ya kuzama hadi ekseli.

Tatu, matairi. Yapo matairi ya 7.50R16 yenye kashata kubwa, ya LT, yaliyotengenezwa kwa gari kama lako, yenye namba za mzigo zinazotosha na herufi ya mwendo ya L au N. Nunua manne ya aina moja. Hayatakuwa matulivu kama ya lami, kwenye mvua utaongeza nafasi kati yako na wa mbele, na yataunguruma. Lakini yako ndani ya kazi yake. Ukienda Gerezani au Shauri Moyo kuyatafuta, usikubali kuuziwa kwa umbo la kashata. Mwambie muuzaji alishushe, soma namba na herufi kama ulivyosoma la mjomba, kisha tafuta DOT na zile tarakimu nne za mwisho: mbili za wiki, mbili za mwaka wa kutengenezwa. 1422 ni wiki ya 14 ya mwaka 2022. Jipya dukani lenye miaka saba juu ya rafu, mwachie. Ya mtumba kwa mzigo huu na barabara hii mimi siyashauri.

Minyororo ya magurudumu nayo ipo, ile ya kufunga juu ya tairi, na kwenye dongo la mfinyanzi inavuta vizuri kuliko tairi lolote. Ni kazi chafu kuifunga na kuifungua, na haikanyagi lami hata mita mia. Ukiwa na vijana wawili wa kukusaidia, kwa kilomita sita inalipa. Chepe, mbao mbili imara na kamba nzuri ya kuvutia nadhani unavyo tayari.

Ila kama ningekuwa mimi, nisingeingiza gari kabisa wiki za mvua kubwa. Mjomba ana trekta. Afunge matairi yake mapya kwenye trekta lake, avute tela lenye gunia mpaka ukingo wa lami, wewe uegeshe pakavu mpakie pale. Mlipe mafuta na posho ya dereva. Ukipiga hesabu ya klachi, siku unayolala porini na gunia zinazolowana, nadhani utakuta tela la mjomba ni nafuu. Na hata meno yale mawili, kama tela lake lina rimu za inchi 16, yanaweza kufungwa huko. Kwenye tela hayavuti lakini yanabeba, ilimradi mwendo ni wa trekta.

Liko hilo moja ambalo tayari lipo kwenye rimu yako ya akiba. Litoe wiki hii, usingoje safari, kwa sababu akiba hufungwa usiku, mvuani, na mtu mwenye haraka, na hapo hakuna atakayekumbuka kusoma herufi. Mwulize fundi alilijaza psi ngapi siku ile ya kulijaribu. Matairi mengi ya shamba yana onyo la kutopita psi 35 wakati wa kukalisha kingo, na mafundi wengi hupiga upepo mpaka wasikie mlio. Kama ukingo haujakaa sawasawa au ubavu una uvimbe, lisirudi hata kwenye tela. Na rimu yako ni ya pete: asiguse pete kwa bisibisi wala nyundo tairi likiwa na upepo. Ang'oe kwanza kiini cha vali, asikilize mpaka sauti iishe yote, apitishe waya mwembamba ndani ya vali kuhakikisha haijaziba, ndipo aanze kupiga. Wewe simama pembeni, usisimame mbele ya pete.